KAPIGWA KUMBO HALALI, NGUMI YA NINI?

Leo tuache kidogo habari za mapenzi na fasheni, twende uwanjani. Na siendi Taifa wala Mkapa, naenda mbali kidogo, Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, ukitoka Tabora mjini kwa barabara ya kwenda Nzega. Wewe wa Sinza na Magomeni usicheke ukadhani hayakuhusu. Mchangani ni mchangani, uwe Uyui au Mburahati, na haya ninayosema umeyaona kwa macho yako.

Chukua Jumapili yoyote jioni. Vijana wameshatoka mashambani, wamevaa jezi za Arsenal na Man United zilizopauka, wengine wana njumu, wengine peku. Mshindi anaondoka na mbuzi. Winga mwenye mbwembwe, yule ambaye mabinti wote wanamjua kwa jina la kisoka, anaambaa na chaki. Beki wa upande wa pili anamfuata, anamfikia, anaweka bega kwa bega. Kishindo! Mpira unabaki kwa beki, winga anakwenda chini puu, vumbi linatimka. Refa, aliyekuwa hatua tano tu kutoka hapo, anapeta. Hakuna kosa. Mpira uendelee.

Lakini mpira hauendelei. Kutoka katikati ya uwanja anakuja mshikaji wake winga, mbio kama anawahi basi. Mpira hata hautazami. Anamfikia yule beki na kumtwanga kofi la kisogoni, au anampa teke la makalio, au wanakunjana mashati. Watazamaji wanashangilia: "Mrudishieee!" Dakika kumi mechi imesimama, wazee wanaamua ugomvi, mbuzi anatafuna majani yake kwa raha zake.

Sasa swali langu ni dogo. Mtu akikuchezea rafu, ukakasirika, hilo tunalielewa hata kama hatulikubali. Lakini mtu aliyekuchukulia mpira kihalali, refa kaona, uwanja mzima umeona, unamlipiza kisasi cha kitu gani? Amekukosea nini zaidi ya kukuzidi?

SHERIA HAINA UTATA

Vijiweni huwa tunabishana sana kuhusu jambo hili wakati limeandikwa. Sheria namba 12 ya soka, inayohusu makosa na utovu wa nidhamu, haikatazi kumgonga mwenzako. Bega kwa bega ni ruksa, mradi mpira uwe mahali unapoweza kuchezwa na wala usitumie mikono au viwiko. Soka ni mchezo wa kugusana. Asiyetaka kuguswa akacheze bao.

Kosa linakuja pale refa anapoona umeingia vibaya, na ubaya wenyewe una ngazi tatu. Ukiingia kwa uzembe, ni faulo basi. Ukiingia bila kumjali mwenzako kama ataumia, ni faulo na kadi ya njano. Ukitumia nguvu kupita kiasi ukahatarisha usalama wake, unakwenda kuoga kabla ya wenzako. Na nyie mabeki msijidanganye na ule wimbo wenu wa "nimegusa mpira kwanza". Unaweza kugusa mpira kwanza na bado ukalambwa nyekundu, kama umeruka miguu miwili kama unaua nyoka.

Kwa hiyo ulinzi upo. Winga ana refa wake, ana kadi zake. Sasa tazama upande wa huyu anayekuja kulipiza. Anayempiga mpinzani wakati hagombei mpira, sheria inamwita mfanya vurugu, na dawa yake ni moja tu: nyekundu. Hata kama ngumi imekosa! Ndiyo, hata ukirusha ukapiga hewa, refa akiona ulikusudia kumwumiza mtu, kwaheri. Timu inabaki na watu kumi kwa sababu ya kosa ambalo mpinzani hakulifanya. Hesabu gani hiyo?

BABA YAKE HAALAND

Kuna wakati nguvu za kisasi huwa zinatunzwa kama akiba benki. Vijana wa leo mnamjua Erling Haaland, yule mrefu wa Manchester City. Baba yake, Alf-Inge Haaland, naye alikuwa mchezaji, na yaliyompata ni somo.

Septemba 1997 Alf-Inge alikuwa Leeds, wakicheza na Manchester United ya Roy Keane. Keane alimkimbiza akataka kumkwatua. Badala ya kumkwatua, akajiumiza mwenyewe: kano za goti zikakatika. Haaland hakuwa amefanya rafu yoyote. Kosa lake ni kwamba alisimama juu ya mwenzake, akamwambia anyanyuke, aache kujifanya. Hakujua kama jamaa kaumia kweli. Keane akakaa nje sehemu yote iliyobaki ya msimu ule.

Miaka mitatu na nusu ikapita. Aprili 2001, Old Trafford, Haaland akiwa sasa Manchester City, Keane akamwingia mguu juu, moja kwa moja gotini. Kadi nyekundu, mechi tatu nje, faini ya pauni 5,000. Ingeishia hapo, lakini mwaka 2002 Keane akatoa kitabu cha maisha yake, na aliyoyaandika yakawafanya wakubwa wa soka wa Uingereza waone ulikuwa mpango wa kulipiza. Wakamwongezea mechi tano na faini ya pauni 150,000.

Vijiweni watu husema teke lile ndilo lililomstaafisha Haaland. Tuwe wakweli: goti lililomsumbua mpaka akaacha mpira lilikuwa la kushoto, na Keane alimpiga la kulia. Lakini hilo halimsafishi mtu. Mwanzo wa yote ulikuwa mtu aliyejiumiza mwenyewe, akaamua lazima awepo wa kulipa.

TWENDE KWENYE BARAFU

Ukitaka kuona kisasi cha namna hii kikiwa kama utaratibu kabisa, nenda kwenye mpira wa magongo wa barafuni. Najua utasema, "Wewe, Tabora na barafu wapi na wapi?" Ngoja kidogo. Majirani zetu Wakenya wanaucheza. Tangu mwaka 2005 Nairobi ilipata uwanja wa barafu ndani ya hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa, na hapo ikazaliwa timu inayoitwa Ice Lions. Kwa miaka mingi haikuwa na timu nyingine ya kucheza nayo. Mwaka 2018 wakapelekwa Kanada, wakacheza bega kwa bega na nyota wakubwa wa huko, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Kwa hiyo siyo mchezo wa wazungu peke yao.

Mchezo wenyewe, watu wanateleza na viatu vyenye chuma chini, kwa kasi ya pikipiki, wakigombea kisahani cha mpira mgumu kwa magongo. Na kumbo ni ruksa. Siyo bega kwa bega la kistaarabu kama letu, la hasha! Mtu mwenye kisahani anapigwa kumbo la mwili mzima, anabamizwa ukutani, na refa anatazama tu. Ni halali, ilimradi usimpige mgongoni, usimpige mtu asiye na kisahani, usimlenge kichwa.

Kwenye ligi yao kubwa ya Marekani na Kanada, NHL, kuna desturi ambayo haimo kwenye kitabu chochote cha sheria. Ukimpiga kumbo nyota wa timu, hata likiwa halali kama maji ya kisima, mbabe mmoja wa timu yake lazima akufuate mkunjane ngumi. Ndiyo heshima. Asipokuja, wenzake watamwona mwoga. Ligi imejaribu kuzuia. Anayeonekana wazi ndiye aliyeanzisha ngumi anaadhibiwa mara tatu: dakika 2 za uchokozi, 5 za kupigana na 10 za utovu wa nidhamu. Jumla dakika 17 amekaa kibandani anatazama. Na bado wanapigana.

Sasa sikia kisa cha Steve Moore. Februari 16, 2004, kijana huyu wa timu ya Colorado, akiwa bado mgeni kwenye ligi, alimpiga kumbo Markus Naslund, nahodha na mfungaji wa Vancouver. Naslund akaumia kichwa, akakosa mechi tatu. Refa hakupiga filimbi. Wakubwa wa ligi wakatazama mkanda upya, wakasema kwa sheria za wakati ule lilikuwa halali, hakuna adhabu. Vancouver hawakukubali. Maneno ya vitisho yakatembea magazetini.

Machi 8 timu zikakutana tena. Kipindi cha kwanza Moore akafuatwa na mchezaji wa Vancouver, wakapigana ngumi, yakaisha. Kwa desturi yao wenyewe deni lilikuwa limelipwa. Wapi! Kipindi cha tatu Todd Bertuzzi, rafiki yake Naslund, akamfuata Moore uwanjani huku akimchokoza wapigane. Moore akakataa, akampa mgongo. Bertuzzi akamshika jezi kwa nyuma, akamtwanga ngumi ya upande wa kichwa, akaanguka naye kifudifudi kwenye barafu na watu wengine wakawalalia juu.

Mifupa mitatu ya shingo ilivunjika. Moore hakucheza tena mpaka leo. Bertuzzi alifungiwa, akakosa mechi zote zilizobaki, na hakurudishwa mpaka Agosti 2005. Mahakamani alikiri kosa la kushambulia na kujeruhi, akapewa mwaka mmoja wa uangalizi na saa 80 za kazi za jamii. Kesi ya fidia ikavutwa mpaka mwaka 2014 ndipo wakamalizana nje ya mahakama. Na mechi yenyewe? Siku ile Vancouver walilala 9-2. Raundi ya kwanza ya mtoano wakatolewa, mpiganaji wao akiwa amekaa nyumbani. Mwambie sasa yule anayepiga kelele "mrudishie" akutajie faida moja tu iliyopatikana pale. Moja.

UTETEZI WA WABABE

Tusiwe waonevu, tuwasikilize na wao. Wababe wa mchangani wanasema hivi: "Tusiporudisha, watazoea. Leo bega, kesho kiwiko, keshokutwa mguu umevunjika. Lazima wajue straika wetu ana wenyewe." Ukiisikia kwa haraka inaingia akilini. Hata kule kwenye barafu hoja ni hiyo hiyo.

Lakini itazame vizuri. Mchezaji anayepigwa kwa rafu na mchezaji anayepigwa kwa kumbo halali wote wawili adhabu yao ni sawa. Sasa beki mwenye akili atajifunza nini? Atajifunza kwamba kucheza safi hakuna maana. Kama nikichukua mpira vizuri nitapigwa, na nikimkwatua nitapigwa, si bora nimkwatue kabisa? Ngumi ya namna hiyo haizuii rafu. Inaizalisha.

Wa pili ni yule beki mwoga. Huyu akishatwangwa mara moja haingii tena. Anamsindikiza winga mpaka golini kama anasindikiza mgeni stendi. Winga anafunga mabao matano, anaitwa mfalme wa kijiji, halafu siku anakwenda kujaribiwa kwenye timu kubwa anakutana na beki asiyemwogopa mtu, anarudi nyumbani na begi lake. Marafiki waliomlinda ndio waliomharibu.

Kuna na hoja nyingine yenye uzito zaidi: kumbo linaweza kuwa halali na bado likamwumiza mtu vibaya. Ni kweli kabisa. Mei 2000, kwenye ligi hiyo hiyo ya barafu, Scott Stevens alimpiga kumbo Eric Lindros, jitu la miraba minne, akiwa kainamisha kichwa. Lindros alizimika pale pale, msimu mzima uliofuata hakucheza. Kwa sheria za siku zile halikuwa kosa. Watu wakabishana miaka. Dawa ilipatikana mwaka 2010, baada ya mchezaji mwingine, Marc Savard, kuumizwa kichwa kwa kumbo la upande ambao hakuuona. Ligi ikaandika sheria mpya ya kukataza makumbo ya namna hiyo yanayolenga kichwa. Yaani kama jambo halali ni la hatari, unabadilisha sheria kwa wote. Ngumi ya Bertuzzi haikumlinda kichwa mtu yeyote. Kalamu ilijaribu.

NA SISI TUNA UTANI

Hapa ndipo ninapowashangaa ndugu zangu wa Unyamwezi, maana somo hili wanalo nyumbani siku nyingi. Njia ya misafara ilipita Tabora. Mababu zao walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo kwa miguu, wakirudi na vitambaa na shanga, wakikatiza nchi za watu ambao wangeweza kabisa kuwa maadui. Katika kupitapita huko na kukaa na watu wa pwani, Mnyamwezi akawa mtani wa Mzaramo, mtani wa Mzigua. Mpaka leo ukienda msibani kwa Mzaramo, Mnyamwezi anaweza kukaa katikati ya njia akadai marehemu hapiti mpaka alipwe. Wafiwa wanacheka huku wanafuta machozi.

Na sheria ya utani unaijua: mtani hakasirikiwi. Anaweza kukuita mwizi, mchafu, mtumwa wake, mbele ya wakwe zako. Ukikasirika, aliyeaibika ni wewe. Ukimpiga, umevunja kitu ambacho wazee walikijenga ili watu wapite salama. Lakini utani una mipaka pia. Mtani hana ruhusa ya kukutoa jicho. Akivuka mpaka, kuna wazee wa kumhukumu na kumtoza faini.

Sasa niambie, hilo lina tofauti gani na bega kwa bega? Ni mgongano ambao wote wawili tumeukubali kabla hatujaingia uwanjani. Unaniangusha, nanyanyuka, najikung'uta vumbi, dakika ya pili nakuangusha mimi. Ndiyo maana Yanga ya mwaka 1935 na Simba iliyoanza 1936 hatuwaiti maadui wa jadi. Tunawaita watani wa jadi. Jina hilo halikuokotwa jalalani, tatizo ni kwamba tunalitaja kila siku bila kulisikiliza.

NANI ANALIPA?

Wachezaji wa NHL wana madaktari pembeni ya uwanja, bima, na mawakili. Steve Moore alipigania haki yake miaka kumi. Yule kijana wa Isikizya ana nini? Akivunjwa taya au mguu kwa kisasi, anapakiwa kwenye bodaboda, mmoja anaendesha, mwingine anamshikilia nyuma. Msimu wa tumbaku ukifika, majani yanataka kuchumwa na kukaushwa, hayasubiri mguu upone. Anayebeba mzigo wake ni mama yake na wadogo zake. Na yule aliyempiga hana tena raha ya kupita njia ile ile kwenda kisimani, maana sasa ugomvi umekuwa wa koo mbili. Mbuzi wa zawadi kaliwa siku nyingi, kesi haijaisha.

Na ndoto pia zinakufa. Tabora ni mkoa wa mpira. Rhino Rangers walicheza Ligi Kuu msimu wa 2013/14, Tabora United wakapanda mwaka 2023, na Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi ukajaa tena. Kijana wa Uyui anaona kabisa njia inakopita. Kocha anayetafuta vipaji akifika kwenye bonanza, akamwona kijana ana miguu ya dhahabu lakini kila akinyang'anywa mpira anakunja ngumi, atafunga daftari lake. Nani anataka kulipa mshahara wa mtu wa kadi nyekundu?

Basi tufanyeje? Manahodha, kazi ni yenu. Mwenzenu akiangushwa, wa kwanza kumfikia awe wa kumnyanyua, si wa kumlipizia. Makocha, anayelipiza akae benchi mechi ijayo hata kama ndiye mfungaji wenu, na msimsubiri refa awasaidie kumwadhibu. Marefa, rafu ya kweli ipigieni filimbi mapema, maana nusu ya visasi vya mchangani vinatokana na filimbi iliyolala. Na wewe mshabiki uliyekaa juu ya baiskeli pembeni ya chaki, ile "mrudishie" yako ndiyo petroli yenyewe. Beki akichukua mpira safi, hata kama si wa timu yako, pigia makofi. Hutakufa.

Wazee walisema hasira hasara, na wakasema tena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi naongeza kidogo tu: kushindwa kwenyewe si lazima kuwe kwa mabao. Kuna kule kushindwa kwa bega moja, sekunde mbili, mbele ya binti uliyekuwa unataka akuone. Kunauma, sikatai. Lakini beki hakukutukana, hakukuibia, wala hakukuonea. Mpira bado upo uwanjani. Nyanyuka ukautafute.